Mtoto anapougua ugonjwa usiopona: familia ifanye nini?



Kuna habari ambayo hakuna mzazi anayetaka kuisikia: kwamba dawa za kuponya ugonjwa wa mtoto wake zimeshindwa. Hutokea kwa saratani iliyochelewa kugunduliwa, kwa moyo ulioharibika au kwa figo zilizokufa. Habari hiyo haimgusi mtoto peke yake. Inagusa nyumba nzima.

Mara nyingi ugomvi huanza na pesa. Baba anataka kuuza chakula cha mwezi ili ampeleke mtoto kwa mganga wa mbali. Mama anakataa, maana watoto wengine watalala njaa. Shangazi ananong'ona kwamba kuna mtu amemroga. Bibi anasema mtoto asiambiwe kitu. Wote wanampenda, lakini hawasemezani tena, na mtoto amelala pale pale kwenye mkeka anasikia yote.

Ukiona nyumba yako imefika hapo, omba daktari au muuguzi awaeleze wote kwa pamoja: baba, mama na bibi. Kama lugha ni shida, tafuteni mkalimani mtu mzima, msimtumie mtoto. Ulizeni ni ugonjwa gani, matibabu gani yamebaki, na safari ya mbali italeta faida gani. Ni afadhali kuuliza hayo kabla ya kuuza chakula.

Maumivu yanatulizwa

Kutopona si sawa na kuachwa bila matibabu. Hapa Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Tangu mwaka 2004, sheria inaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa ya mofini. Mofini ya maji hunywewa nyumbani.

Wazazi wengine wanaikataa wakidhani inaharakisha kifo. Si kweli, ikiwa inatolewa kwa kipimo sahihi. Mpe mtoto kwa saa zilizoandikwa, usingoje alie. Usiongeze, usiache ghafla, wala usimpe mtu mwingine. Iweke mbali na watoto. Huleta choo kigumu, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha. Mtoto akisinzia sana hata haamki, au akipumua polepole mno, mwite muuguzi mara moja.

Kumbuka pia kwamba mtoto aliyenyamaza anaweza kuwa na maumivu. Tazama uso wake, na kama anakataa kuguswa au kucheza.

Kazi ya kila siku

Mgeuze mtoto asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda. Lowanisha midomo yake kwa kitambaa safi. Usimlazimishe kula, mpe kidogo kile anachokitaka. Mama asilale macho kila usiku peke yake. Baba, kaka na majirani washike zamu, na wengine wachote maji na kutafuta kuni.

Akiuliza, mjibu

Mtoto akikuuliza, "Mama, nitapona?" usimkemee wala usimdanganye. Kwanza muulize, "Mwanangu, wewe unafikiri nini?" Halafu mjibu kadiri ya umri wake: "Ugonjwa huu ni mkubwa. Tunatuliza maumivu, na hatutakuacha peke yako." Watoto wadogo hudhani wameugua kwa sababu walikosa adabu. Mwambie wazi kwamba hana kosa.

Usiwasahau ndugu zake. Wanaweza kuona kwamba hawapendwi tena, au kudhani kwamba ugomvi wao wa zamani ndio ulioleta ugonjwa. Waeleze ukweli, waache wamletee maji au wamsimulie hadithi, na waendelee na shule.

Baba, kulia si aibu. Na wewe jirani, usiulize nani ameroga. Maneno hayo hayajamtibu mtoto yeyote, lakini yamevunja ndoa. Peleka uji, fua nguo, kaa nao hata kimya. Mtoto akishafariki, rudi tena baada ya wiki kadhaa, wakati wageni wa kilio wameondoka.

Kama una mtoto wa namna hii nyumbani, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Atakupeleka kituo cha afya, na atakuja kukutembelea nyumbani.