Kikundi Kinakimbia, Koperative Inabaki Nyuma: Namna Njia ya Kazi ya Mizunguko Mifupi Ilikua Mpaka Kufikia Shirika Zima



Kuko lalamiko moja lenye kurudi karibu kila mukutano: "Siye mu kikundi chetu tunatumika vizuri, lakini koperative haiendi." Lalamiko hili si la bure. Tuangalie kahawa. Serizi, kahawa nyekundu yenye kutoka mu muti, inapashwa kumenywa siku ile ile. Ikilala mu mufuko inachacha, na ile harufu haitoke tena hata ukiosha mara ngapi. Basi wavunaji wanaweza kuchagua nyekundu tupu, bila mbichi hata moja, lakini kama feza ya kununua haijashuka kwenye kituo cha kuoshea, ama mashini ya kumenya haina mafuta, kazi yao yote imekufa mbele ya jua kuzama.

Tena mulimaji mwenye watoto wa kulipia masomo hangoje. Anauzisha kwa mupita-njia. Kandokando ya Ziwa Kivu tunajua mambo hayo yalifika wapi: kwa miaka mingi watu walivusha kahawa usiku kwa mutumbwi kwenda Rwanda, na wengine walizama. Kwa hiyo hii si habari ya karatasi za ofisi. Ni habari ya feza ya nyumba na ya maisha ya watu.

Mu toleo hili tunaeleza njia moja ya kupanga kazi. Ilizaliwa mbali na mashamba, kwa watu wenye kutengeneza programu za ordinatere. Inatuhusu juu ya jambo moja: ilianza na kikundi kidogo, ikagonga ukuta ule ule tunaogonga siye, kisha ikabadilika mara nyingi mpaka kufikia shirika zima. Tuone namna ilivyobadilika, tuchague yenye kutufaa, na yenye haitufai tuache.

Mwanzo: kikundi kidogo chenye kutembea pamoja

Mu mwaka wa 1986, wataalamu wawili Wajapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika juu ya makampuni yenye kutengeneza vitu vipya mbio kuliko wengine. Waliona kwamba mu makampuni hayo kazi haikupita kutoka mukono wa huyu kwenda mukono wa yule, kila mutu akimaliza fungu lake na kusahau. Watu wa kila ufundi walitembea pamoja tangu mwanzo, kama wachezaji wa mupira wa ragbi wenye kusukuma mupira wote kwa pamoja.

Mafundi wa programu wa Marekani walichukua wazo hilo. Jeff Sutherland alianza kikundi cha namna hiyo mu 1993, na mu 1995 yeye na Ken Schwaber walieleza njia hiyo mbele ya watu. Waliiita Scrum, jina lenye kutoka mu ragbi. Mu mwezi wa 2 wa 2001, watu 17 walikutana kule Utah, Marekani, wakaandika tangazo fupi juu ya kazi ya wepesi, lenye mambo 4 ya musingi na kanuni 12.

Scrum yenyewe si nguvu kuelewa. Kikundi kinakuwa kidogo, kwa kawaida watu 10 ama chini yao. Kuko liste moja ya kazi, na yenye lazima kuliko zote inakaa juu. Kikundi kinachukua kazi kidogo, kinaimaliza kabisa kwa muda wa mwezi mumoja ama chini yake. Kila siku wanasimama dakika 15 kuambiana kazi iko wapi na nini kinazuia. Muda ukiisha, wanaonyesha kitu chenye kumalizika kwa yule atakayekitumia, kisha wanajiuliza: namna gani tutumike vizuri zaidi mara yenye kuja?

Faida yake ni hii: kosa linaonekana mapema, wakati lingali dogo. Mulimaji hashangai. Hata siye hatungoje mavuno kujua kama mbegu ilikufa; tunapita shambani kila wiki.

Ukuta: kikundi ni chepesi, shirika ni zito

Miaka ilipita, makampuni makubwa yakawa na vikundi kumi, makumi mawili, hata mia vyenye kutumika hivyo. Hapo shida ikatokea. Kila kikundi kilimaliza fungu lake, lakini mafungu hayakuingiana. Kikundi kimoja kilingoja kingine bila kukiambia. Ofisi ya feza iliendelea kutoa budje mara moja kwa mwaka, ijapokuwa vikundi vilijifunza jambo jipya kila wiki mbili. Wakubwa waliendelea kuomba rapori nene, na kazi ikasimama ili rapori iandikwe.

Ni kama kufungua mufereji mupana juu ya kilima, na chini yake kuacha bomba jembamba. Maji hayaongezeki kwa yule mwenye kungoja chini. Yanamwangika tu.

Hatua kwa hatua mpaka shirika zima

Kati ya wenye kutafuta dawa ya ukuta huo alikuwa Mumarekani Dean Leffingwell. Mu 2011 alitoa mupango unaoitwa SAFe. Kuko mipango mingine, lakini huu unatuonyesha vizuri namna njia ya kikundi inavyokua.

*Hatua ya kwanza: kuunga vikundi.* Vikundi vyenye kutumikia kitu kimoja vinawekwa pamoja, watu 50 mpaka 125. Waliuita muungano huo "treni", juu treni inaondoka siku yake: muzigo wenye haujakuwa tayari unangoja treni yenye kufwata, haizuii abiria wote. Vikundi vyote vinafwata kalenda moja. Kila wiki 8 mpaka 12 wote wanakutana, kwa kawaida siku mbili, kupanga kipindi chenye kuja.

*Hatua ya pili: kuunga treni na feza.* Mu 2016, mupango ule ulipanuka kwa vitu vikubwa sana vyenye kuhitaji treni nyingi. Namna ya kugawa feza ilikuwa imeguswa pia: feza ifwate njia nzima ya kazi, tangu mwanzo mpaka kwa munuzi, kuliko kufungiwa mu vimiradi vidogovidogo vyenye kuanza na kuisha. Wazo la kuangalia njia nzima linatoka sana kwa kiwanda cha Toyota, chenye magari yake tunayajua kwenye barabara zetu za matope. Kule Toyota, Taiichi Ohno alifundisha kwamba fungu la mbele lisitengeneze kuliko lile la nyuma linavyoomba. Vitu vyenye kurundikana kati ya mafungu mawili ni hasara.

*Hatua ya tatu: shirika zima.* Mu 2020, toleo la tano liliingiza viongozi, ofisi ya watumishi, ofisi ya feza na masomo ya watu wote. Walikuwa wameelewa jambo moja: wakubwa wakituma wadogo wabadilike, na wao wenyewe wabaki vile walivyokuwa, hakuna chenye kubadilika. Toleo la sita lilitoka mu 2023.

Si wote walikubali

Haifai tuwafiche mabishano. Mu 2013 Ken Schwaber mwenyewe, mumoja wa waanzishaji wa Scrum, alikosoa mupango wa SAFe wazi mbele ya watu. Wakosoaji wanasema uko na vyeo vingi na masharti mengi, na unarudisha uzito ule ule watu walikuwa wanakimbia. Wengine, kama Craig Larman na Bas Vodde, walichagua njia ya kupunguza: vikundi mpaka nane, liste moja ya kazi, mutu mumoja mwenye kusema kazi gani ipite mbele. Hata SAFe yenyewe, mu 2017, ilitoa sura ndogo kwa wenye kuanza.

Fundisho kwetu ni hili: ukianza na komite saba mpya na vyeo vipya, umepotea njia. Anza na kidogo.

Mipaka yetu: koperative haina bosi

Ile njia ilitengenezwa mu makampuni yenye wenye mali na wakubwa. Koperative ni kitu kingine. Inchi yetu iliingia mu OHADA mu 2012, na sheria ya OHADA ya makoperative, ya mwezi wa 12 wa 2010, inaweka mukutano mukuu wa wanamemba juu ya yote, kila mutu na kura yake moja, hata awe na miti 50 ama 5.000. Kwa hiyo hakuna mupango wa kazi wenye kuweza kuchukua fasi ya mukutano mukuu. Mukutano mukuu unasema tunaenda wapi. Mizunguko mifupi inasaidia tu kufika kule bila kupoteana.

Namna ya kujaribu musimu huu

Tuseme koperative yenu ya kahawa iko na vikundi vine: walimaji wa kilimani, watu wa kituo cha kuoshea, watu wa usafirishaji, na watunza feza. Hivi munaweza kufanya:

1. Liste moja. Andikeni kazi zote za musimu kwenye karatasi moja kubwa, na yenye lazima kuliko zote ikae juu. Si liste ya prezidenti na ingine ya mutunza feza. Moja tu, itundikwe fasi kila mutu anaiona.

2. Mukutano wa siku mbili mbele ya mavuno. Kila kikundi kilete wajumbe wake, wanawake na vijana ndani. Siku ya kwanza, kila kikundi kinasema kitafanya nini kila wiki mbili, mpaka mwisho wa mavuno.

3. Kamba nyekundu. Hili tunalipenda zaidi. Kwenye mikutano ya SAFe, watu wanatundika ubao mukubwa: vikundi vinapangwa chini kwa chini, wiki zinapangwa kando kwa kando. Kikundi kikihitaji kitu kutoka kwa kingine, wanafunga kamba nyekundu kati ya vile viwili. Kituo kinahitaji feza ya kununua mbele ya serizi za kwanza? Kamba, kutoka kituo mpaka kwa watunza feza. Usafirishaji unahitaji mifuko yenye kukauka vizuri? Kamba ingine. Hata asiyejua kusoma ataona fasi kamba zinarundikana. Pale ndipo koperative itakwama, na munajua mbele ya wakati.

4. Kura ya vidole. Mwisho wa mukutano, kila mutu anainua vidole: 5 ni kusema "mupango huu utafaulu", 1 ni kusema "hautafaulu". Kwenye SAFe, hesabu ya kati ikiwa chini ya 3, mupango unatengenezwa upya, na mwenye kuinua vidole 2 ama 1 anapewa neno aeleze anaona hatari gani. Mu vijiji vyetu mutu anaweza kuogopa macho ya wakubwa, kwa hiyo tunashauri wote wafunge macho wakati wa kuinua, na watu wawili wenye kuaminiwa wahesabu. Mwenye kuona hatari aweze pia kuieleza kwa hao wawili, nao wailete mbele ya wote bila kutaja jina.

5. Kila wiki mbili, tuone. Wajumbe wa vikundi wakutane saa moja, si zaidi. Wasisome rapori, waonyeshe: kilo za serizi zenye kuingia, kilo zenye kuko kwenye meza za kuanikia, feza yenye kubaki mu kesi. Kamba gani imekatika? Nani ataifunga, na siku gani?

6. Feza ifwate kahawa. Watunza feza wasitoe budje yote mara moja ya musimu, wala wasingoje barua tatu na sinyature tano wakati serizi ziko mulangoni. Mukutano mukuu uweke kipimo: mpaka hesabu hii, kituo kinaweza kununua chenyewe, kisha kuonyesha kaye na risiti kila wiki mbili. Kuliko hapo, komite nzima iamue. Komite ya uangalizi iendelee na kazi yake vilevile. Wepesi si ruhusa ya kuficha hesabu.

Dalili ya kujua kama inatembea

Msihesabu mikutano. Hesabuni muda. Tangu mulimaji anafikisha serizi mpaka kumenywa, saa ngapi? Tangu kufikisha mpaka kupokea feza mu mukono, siku ngapi? Andikeni hesabu hizo mbili wiki ya kwanza ya mavuno, kisha wiki ya nne, kisha wiki ya nane. Zikipungua, njia inawasaidia. Zikibaki vile vile na mikutano imeongezeka, simamisheni, muulizane, mutengeneze.

Ile njia haikushuka mara moja imekamilika. Kwa miaka zaidi ya ishirini wenye kuitumia waliifungua, wakaongeza, wakapunguza. Ninyi pia muko na haki hiyo. Mavuno makubwa ya Kivu yanaanza karibu mwezi wa 3. Wenye kutaka kujaribu watafute siku zao mbili mbele ya hapo. Kwa wenye kulima muhogo, mupunga ama maharagi, badilisheni kituo cha kuoshea kwa mashini ya kusaga ama depo. Kamba nyekundu inatumika vilevile.

Mukijaribu, mupatie agronomu wenu zile hesabu mbili, za saa na za siku, nzuri ama mbaya. Tutazipanga mu toleo lenye kuja ili makoperative mengine yajifunze. Kazi njema na mavuno mazuri.