Chipsi Kilwa Kivinje: Kulinda Kipato cha Muuzaji na Afya ya Mlaji

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

Jua linapozama Kilwa Kivinje, majiko ya mkaa huanza kuwashwa kando ya mitaa ya mji huu mkongwe. Mafuta hutiwa karaini, viazi humenywa na kukatwa, na baada ya dakika chache mteja hupokea sahani ya chipsi kavu, chipsi kuku au chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege. Hali ni hiyo hiyo katika njia panda ya Nangurukuru, inapochepuka barabara ya kwenda Kilwa Masoko, ambako abiria wa mabasi ya kusini hushuka kutafuta chakula.

Biashara hii imewapatia vijana na kina mama wengi ajira isiyohitaji mtaji mkubwa. Hata hivyo, wataalamu wa afya wanaendelea kutahadharisha kuhusu ulaji wa mara kwa mara wa vyakula vya kukaanga. Makala hii inaeleza kwa nini biashara ya chakula cha haraka hufanikiwa, namna inavyoathiri afya, na hatua zinazoweza kuchukuliwa ili muuzaji asipoteze kipato na mlaji asipoteze afya.

Siri ya mafanikio

Mwaka 1948, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walibadilisha mfumo wa mgahawa wao katika mji wa San Bernardino, Marekani. Walipunguza aina za vyakula, wakagawa kazi za jikoni ili kila mfanyakazi awe na jukumu moja, na wakauza kwa bei ndogo. Mteja hakusubiri tena, na ladha ya leo ilikuwa ndiyo ya kesho. Leo kampuni iliyotokana na mgahawa huo ina maduka zaidi ya 40,000 katika nchi zaidi ya 100.

Muuza chipsi wa Kivinje hajasomea mfumo huo, lakini anafuata kanuni zile zile: vyakula vichache, upishi wa haraka mbele ya mteja, ladha isiyobadilika na eneo lenye watu. Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, mahali ambapo awali magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko, kulirahisisha safari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini, na wasafiri ni wateja wasio na muda wa kusubiri wali uive.

Lipo pia funzo kutoka kwa majirani zetu. Mapema mwaka 2022, maduka ya kampuni ya kuku ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa kutoka nje na meli zilichelewa, ilhali wakulima wa nchi hiyo walikuwa na viazi shambani. Tukio hilo lilionesha kuwa faida ya chakula cha haraka huwa imara zaidi pale kinapotegemea mazao ya karibu.

Kinachotokea ndani ya karai

Kiazi chenyewe si adui. Takribani asilimia 80 ya kiazi mviringo kibichi ni maji. Kinapokaangwa, maji hutoka kama mvuke na sehemu ya nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Ndiyo maana gramu 100 za viazi vilivyochemshwa hutoa takribani kilokalori 87, wakati kiasi hicho hicho cha chipsi hutoa takribani 300. Nishati isiyotumiwa na mwili huhifadhiwa kama mafuta, na uzito unapozidi, hatari ya kupata kisukari na magonjwa ya moyo huongezeka.

Jambo la pili ni mafuta yanayorudiwa. Mafuta yaliyochemshwa tena na tena huvunjikavunjika na kutengeneza kemikali zenye madhara. Dalili zake huonekana kwa macho: huwa meusi na mazito, hutoa povu na kufuka moshi mapema. Aidha, mwaka 2002 watafiti nchini Sweden walibaini kuwa vyakula vya wanga vinapokaangwa kwa joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kemikali hiyo huongezeka kadiri chipsi zinavyozidi kuwa za kahawia. Chipsi za rangi ya dhahabu huwa nayo kidogo kuliko zilizoungua.

Jambo la tatu ni chumvi na sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofikia gramu tano kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo ndani ya vyakula na sosi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, ambalo huweza kuleta kiharusi na kuharibu figo. Soda ya mililita 330 inayoteremshia chipsi huwa na takribani gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai.

Takwimu zinasemaje

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kuwa takribani asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Vilevile, tafiti za kitaifa za afya zinaonesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka takribani asilimia 18 mwaka 2004/05 hadi asilimia 28 mwaka 2015/16.

Chipsi peke yake haiwezi kubebeshwa lawama yote. Kutofanya mazoezi, pombe na tumbaku vina mchango wake. Lakini shinikizo la damu na kisukari vikishaingia, mgonjwa huhitaji matibabu kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote. Sahani iliyoonekana nafuu jioni hulipiwa tena hospitalini. Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi.

Chakula cha pwani nacho ni cha haraka

Viazi mviringo vinavyokaangwa hapa hulimwa zaidi katika mikoa yenye baridi, ikiwemo Njombe na Mbeya. Wakati huo huo, pwani ya Kilwa ina samaki na pweza, na mashamba yake yana mihogo, kunde na nazi. Muhogo wa kuchoma, samaki wa kuchoma, supu ya pweza na kunde zilizochemshwa vinaweza kuandaliwa mapema na kumfikia mteja kwa kasi ile ile ya chipsi. Muuzaji anayeviweka pembeni ya karai lake huongeza wateja, na fedha yake hubaki kwa mvuvi na mkulima wa Kilwa.

Wajibu wa kila mmoja

Muuzaji anashauriwa kuchuja mafuta kila baada ya kazi na kuyamwaga yanapobadilika rangi, kuepuka kuunguza chipsi, kumwachia mteja ajitilie chumvi mwenyewe, na kutoa kachumbari ya kutosha. Mlaji naye aifanye chipsi kuwa chakula cha siku moja moja, achague maji badala ya soda, na ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku kama inavyoshauriwa na WHO.

Kwa upande wa Serikali, usimamizi wa usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na maafisa afya wa halmashauri hukagua maeneo ya biashara. Aidha, sheria inaelekeza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wauza chakula kinaweza kuomba mkopo huo ili kununua jiko la kuchomea au vyombo bora.

Wananchi wanahimizwa pia kupima shinikizo la damu na sukari katika vituo vya kutolea huduma za afya, ikiwemo Hospitali ya Wilaya ya Kilwa, Kinyonga, iliyopo hapa Kivinje. Shinikizo la damu mara nyingi halitoi dalili, hivyo kipimo ndicho kinachomjulisha mtu hali yake mapema. Jiko la chipsi linaweza kuendelea kuwaka Kivinje na kulisha familia ya mwenye nalo, ilimradi mafuta yawe safi, chumvi iwe kidogo, na mteja apate nafasi ya kuchagua.