Pijo 404: gari lililouzwa na matope ya Pasaka

SOKO LA MAGARI

Mnunuzi wa gari mkoani Tanga siku hizi huanza kwa kuuliza bei ya spea, kisha huuliza ulaji wa mafuta, na mwisho huuliza kama fundi wa mtaani analijua. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na swali jingine lililotangulia yote hayo: gari hili lilifika mwisho wa Safari?

Safari inayozungumzwa ni mbio za magari za Afrika Mashariki zilizoanzishwa mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Zilikimbiwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa siku chache mfululizo, na zilipohamia kipindi cha Pasaka zilikutana na masika. Wafanyabiashara wa magari walizipenda kwa sababu moja ambayo watazamaji wengi hawakuijua. Waanzilishi hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya Ulaya. Waliyagawa kwa bei yake dukani hapa Afrika Mashariki. Gari la bei ya chini lilishindana na la bei ya chini mwenzake, na lilitakiwa liwe lile lile ambalo mteja angeweza kwenda kulilipia. Kwa lugha ya biashara, hilo lilikuwa jaribio la bidhaa mbele ya umma.

Katika jaribio hilo, timu iliyoacha alama kubwa upande wa Tanzania ni ya magari ya Peugeot, ambayo wengi huyaita Pijo tu. Kampuni ya Tanganyika Motors ya Dar es Salaam, iliyokuwa wakala wake, iliingiza magari kwenye mbio hizo, na dereva wake Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyefanya maskani Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa na Chris Rothwell. Gari lilikuwa 404 ya injekshini. Lile lile 404 lilikuwa limekwisha kushinda mwaka 1963 likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff kutoka Kenya, na wawili hao wakarudia mwaka 1968. Ushindi mara nne katika miaka sita.

Takwimu zinazosema zaidi ni za waliofika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na waliomaliza walikuwa 7 vile vile. Katika miaka yote miwili lililotangulia lilikuwa 404. Wakala gani angeomba tangazo bora kuliko hilo?

Uzuri wa gari hili haukuwa katika mbio. Injini yake ya sentimeta za ujazo 1,618 ilikuwa ya kawaida, ikiwa imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Katika magari ya injekshini, pampu ya Kijerumani ya Kugelfischer ilichukua nafasi ya kabureta. Nguvu zaidi zilipatikana kwa namna hiyo, lakini siri ilikuwa chini ya gari. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, tairi ikizama shimoni na kupanda bila kuirusha bodi. Difu yake haikuwa na meno ya kawaida. Ilizungushwa kwa parafujo ya chuma iliyokamata gurudumu la shaba. Mafundi waliozoea magari ya Kiingereza waliiona kama kioja, lakini ilivumilia.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto ataelewa kwa nini springi zilikuwa na thamani kuliko mbio. Milima ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu za Safari zilizoogopwa na madereva. Kona zinafuatana, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Dereva aliyekuja na gari la nguvu alijikuta anatumia gia ya pili kwa saa nzima. Chini ya milima, tambarare za Korogwe na Muheza zilikuwa na matope ya namna nyingine, meusi, yanayonata hadi gurudumu halizunguki ndani ya madigadi.

Wateja waliohitaji gari la namna hiyo hawakuwa mbali. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka mkoani humo na kupitia bandari yake. Shamba la mkonge lina maili nyingi za njia za ndani, kutoka mistari hadi korona, na meneja au mhasibu alihitaji gari la kupita njia hizo asubuhi na kumfikisha benki mjini mchana. Pikapu ya 404 na ile ya stesheni zilijibu haja hiyo. Zilibeba mzigo na hazikumvunja mtu mgongo.

Kisha mambo mawili yakaja karibu kwa pamoja. Bei ya mkonge iliporomoka baada ya nyuzi za plastiki kuingia sokoni, na Oktoba 1967, miezi michache tu baada ya ushindi wa pili wa Shankland, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wanunuzi binafsi wa magari wakapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa mkonge nchini ulikuwa umebaki kama moja ya kumi ya ule wa zamani.

Mrithi wa 404 alikuwa 504, lililotoka mwaka 1968 na kuchaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969. Shankland alishika nafasi ya tatu nalo kwenye Safari ya 1971, nyuma ya Datsun 240Z mbili. Ushindi ulikuja 1975, pale Ove Andersson na Arne Hertz walipoziacha nyuma Lancia Stratos mbili, magari yaliyotengenezwa makusudi kwa mashindano. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 kupe yenye injini ya V6. Hilo lilikuwa gari la kifahari, na ni vigumu kuliweka daraja moja na 404, kwa kuwa hakuna meneja wa shamba aliyekwenda dukani kuagiza kupe ya V6. 205 T16 la miaka ya 1980 lilikuwa na kasi kuliko yote na lilishinda Paris-Dakar mara mbili, lakini Safari halikuipata.

Wakati huo mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha kuondoka Tanzania. Mwaka 1972 zilianzia Dar es Salaam. Kuanzia 1974 zilibaki Kenya peke yake. Februari 1977 mpaka ulifungwa na Jumuiya ikavunjika, na hadi ulipofunguliwa Novemba 1983, mwenye Pijo wa Tanga hakuweza kuvuka Horohoro kwenda kutafuta spea Mombasa. Magari mengi mazuri yalizeekea juu ya mawe kwa kukosa kitu kidogo kama bushi au pampu ya maji. Huku upande wa pili wa mpaka 504 la stesheni lilikuwa linajaza abiria kutoka mji hadi mji.

Biashara iliporuhusiwa tena mwaka 1984, na watu wakaruhusiwa kuagiza kwa fedha zao wenyewe, mlango ulifunguliwa kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Usukani wake ulikuwa upande unaotakiwa, na bei ilikuwa ya chini. Mwaka huo huo Toyota ilishinda Safari kwa mara ya kwanza, ikiwa na Björn Waldegård. Kufikia 1995 ilikuwa imeshinda mara nane, ikiipita Peugeot yenye sita na Nissan yenye saba.

Mbio zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikikimbiwa karibu na Naivasha, na Toyota ikashinda mwaka huo na kila mwaka hadi 2025. Gari la ushindi wa 2021 lilikuwa Yaris, ambalo Wajapani kwa miaka mingi waliliuza kwao kwa jina la Vitz. Vitz zimejaa mitaani Tanga. Hazina uhusiano na gari la mashindano zaidi ya jina la kiwanda, na anayenunua hulipa kwa sababu ya mafuta na spea. Barabara ya Tanga hadi Horohoro, kilometa 65, ilipata lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, na springi ndefu za 404 hazihitajiki tena upande huo. Njia za ndani ya mashamba ya mkonge bado ni za udongo.