Olmsted na bustani ya New York

Wanafunzi wenzetu, pengine munafikiri miti na ziwa la Central Park, katikati ya muji wa New York, viliota peke yao. Hapana, ni kazi ya watu! Frederick Law Olmsted (1822-1903) na mwenzake Calvert Vaux walishinda mashindano ya kuchora bustani ile mwaka 1858. Barabara 4 zenye kuikata walizichimba chini kama mufereji, ili mikokoteni isisumbue wenye kutembea. Leo motokari zinapita mule mule. Olmsted alitaka tajiri na maskini wapumzike pamoja. Lakini mwaka 1857 wakubwa wa muji walikuwa wamekwisha kufukuza wakaaji wa Seneca Village, wengi wao Weusi, pamoja na makanisa yao 3 na masomo yao.