Mtungi Wake, Pumzi Yangu

Kuzamia ninakotaka kukusimulia si kule kwa kujificha melini mpaka Ulaya. Ni kule kwa mitungi ya hewa mgongoni. Mimi na mume wangu tulikuwa Pemba, mtoto tumemwachia bibi yake Dar.

Baba Ilham alikuwa na mzuka wa vifaa vipya. Kwa rafiki yake aliyerudi kutoka Uingereza alinunua mitungi miwili ya chuma, kila mmoja lita 15, imefungwa pamoja kama mapacha. Ikijaa, na vifungo vyake, inakaribia kilo 50. Mfuko wa saruji mgongoni! Mimi nilikodi mtungi mmoja wa alumini, lita 11.

Kwenye ukuta wa matumbawe wa Misali, mita 30 chini, nikatazama geji yangu: baa 60. Baa ya shinikizo, si ile ya nyama choma. Nilianza na 200. Mwenzangu yuko mbele anashangaa samaki, hana habari. Angekuwaje nayo? Yake ilisoma karibu 140.

Nilimfuata nikihema, na kuhema huko ndiko kunakomaliza hewa. Nikamshika mguu. Akanipa kipumulio chake cha akiba, tukapanda taratibu tumeshikana mikono. Usiku ule tuligombana kweli.

"Si mtungi wangu ndio uliokuokoa?" akaniambia.

"Na ndio uliokusahaulisha kwamba mwenzio ana mdogo," nikamjibu.

Kesho yake tulikaa chini na kalamu.

Hesabu yetu

Tulikadiria kwamba mtu hutumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu. Mita 30 chini shinikizo ni mara nne, kwa hiyo lita 80. Mtungi wangu ulikuwa na lita 2,200: dakika 27 mpaka pumzi ya mwisho. Yake ilikuwa na lita 6,000: dakika 75.

Lakini subiri. Kwa hewa ya kawaida, jedwali la uzamiaji linalotumika sana linatoa dakika 20 tu kwa kina hicho. Ukizidisha, naitrojeni iliyoingia mwilini inakudai usimame njiani wakati wa kupanda, na hilo lina mafunzo yake. Mtungi mkubwa unakuongezea hewa. Muda unaamuliwa na mwili.

Kabla ya kununua

Chuma ni kizito majini. Bahari yetu ina joto, tunavaa suti nyembamba isiyoelea sana. Mfuko wa kuelea ukipasuka, utaweza kuogelea mpaka juu na mzigo ule? Alumini nayo ikikaribia kuisha inaelea, utahitaji risasi za kukushusha.

Mitungi pacha huunganishwa kwa bomba lenye valvu katikati. Upande mmoja ukivuja, unafunga na kuokoa hewa ya upande wa pili. Ila mkono lazima ufike nyuma ya shingo. Usipofika, valvu hiyo ni pambo.

Ukinunua mtumba, soma tarehe ya kupimwa iliyogongwa karibu na shingo ya mtungi. Marekani, kwa mfano, kipimo cha shinikizo ni kila miaka 5.

Na jaribu kuubeba: panda ngazi ya boti, tembea majini maji yakiwa yamekupwa. Mgongo hauna spea.

Tulichoamua

Aliuza zile za lita 15, kwa shingo upande. Sasa ana pacha za lita 12, mimi za lita 8.5, mgongo wangu unaziweza. Tumejifunza pia kanuni ya wazamiaji wa mapangoni: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Ile ya mwisho si yako peke yako. Ni ya mwenzio akiishiwa.

Sheria yetu ya nyumbani ni moja: mwenye hewa kidogo ndiye anayeamua kurudi, na haulizwi kwa nini. Kila dakika 5 tunaonyeshana geji.

Kaka, ukitaka mitungi mikubwa kama yake ya zamani, usiulize kwanza itakufikisha wapi. Muulize mwenzio amebakiwa na kiasi gani. Nasi tumegundua swali hilo linafaa hata nchi kavu, hasa mwisho wa mwezi.