Uteuzi wa Timu ya Taifa ya Kriketi kwa Mchezo wa Ova 20: Mtazamo Kutoka Mombasa

Katika mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, timu ya taifa, iwe ya kandanda au ya kriketi, huteuliwa upya kila kahawa inapomiminwa. Kila mtu ana majina yake kumi na moja. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: wateuliwe kwa kazi gani? Makala haya yanaeleza kwa nini kriketi ya ova 20 hudai vigezo tofauti na ile ya ova 50.

Ieleweke kwanza kwamba ova moja ni mipira sita. Hivyo kila timu hupata mipira 120 tu ya kupiga. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova nne, kwa hiyo timu haina budi kuwa na warushaji wasiopungua watano. Katika ova sita za mwanzo, ni wachezaji wawili tu wa timu inayorusha wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara, na huo ndio wasaa wa mpigaji jasiri kuvuna mikimbio.

Tuchukue mfano. Mpigaji anayepata mikimbio 40 kwa mipira 60 huweza kuwa nguzo katika ova 50. Katika ova 20, mtu huyo huyo ametumia nusu ya mipira yote ya timu. Ustadi wake haujapungua. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Kenya ililipia somo hili. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50. Mwaka 2007, katika Kombe la Dunia la ova 20 nchini Afrika Kusini, wakiwamo Steve Tikolo na Thomas Odoyo, mashujaa wa 2003, timu iliondolewa yote kwa mikimbio 73 dhidi ya New Zealand, kisha 88 dhidi ya Sri Lanka iliyokuwa imepata 260. Majina makubwa hayakutosha.

Kadhalika, mteuzi hana budi kumtazama mchezaji wa leo. Collins Obuya aliangusha wiketi tano za Sri Lanka jijini Nairobi mwaka 2003 akiwa mrushaji. Mwaka 2011 alipata mikimbio 98 bila kuondolewa dhidi ya Australia akiwa mpigaji. Aliyemjua kwa sifa ya kwanza pekee angemkosa yule wa pili.

Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Januari 2007, uwanja wa Mombasa Sports Club, papa hapa kisiwani, ulipokea mechi za ova 50 kati ya Kenya, Uskoti na Kanada. Kucheza katika joto na unyevu wa pwani ni mtihani usiopatikana katika nyanda za juu za Nairobi, na orodha ya mikimbio haiuonyeshi. Lazima mteuzi aje aone kwa macho: nani hurusha ova ya mwisho kwa utulivu mkono ukitiririka jasho?

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Waama, lakini hata kizuri humhitaji mnunuzi afike sokoni. Kijana anayeachwa baada ya kutazamwa hurudi mazoezini. Anayeachwa bila kutazamwa huuacha mchezo, na taifa halijui limepoteza nini.