Vijiti vinavyoshika ngoma

Mwezi wa nane uliopita, katikati ya ibada, ngoma kubwa ya kwaya yetu hapa Katuba ilichanika. Ngozi ilipasuka penye msumari mmoja, kisha wa pili, mpaka upande mzima ukaachia. Ngoma hiyo haikuwa na miaka 2. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa aliniambia: «Mchungaji, mliifunga kwa chuma. Ngozi haipatani na chuma.»

Kesho yake nilimfuata kwake. Alinionyesha ngoma ya marehemu baba yake, ambayo ngozi yake imeshikwa na vijiti vya mti vilivyopigwa kuzunguka mdomo wote, bila msumari hata mmoja. Bado inalia vizuri.

Ngoma za namna hiyo zinajulikana sana kwa Waluba, Walunda na majirani zao. Mwili wake unachongwa katika gogo moja. Ngozi inalowekwa kwanza, inawambwa ikiwa mbichi, kisha fundi anatoboa matundu madogo pembeni na kupiga vijiti kupitia ngozi mpaka ndani ya mti. Ngozi ikikauka inajivuta, na vijiti vyote vinagawana mzigo. Kabla ya kupiga, ngoma inawekwa karibu na moto ili ikaze zaidi.

Kwa nini kijiti kinashinda msumari? Mzee alinieleza, nami nilielewa. Kwanza, kijiti kinapasuliwa kufuata nyuzi za mti mgumu uliokauka, hakikatwi kwa msumeno; kwa hiyo hakivunjiki ovyo. Pili, kinapanuka wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi, kama mti unaokizunguka. Chuma hakifuati. Tena, chuma kikipata unyevu kinashika kutu, na kutu inaozesha ngozi. Kiangazi kinapofika, ngozi inajivuta kwa nguvu na kuchanika pale ilipooza. Ndiyo maana yetu ilipasuka mwezi wa nane. Tatu, kijiti kikilegea, unakitoa na kuweka kingine bila kuharibu mdomo wa ngoma.

Ujuzi huo hauko kwetu tu. Mafundi wa pwani, upande wa Lamu, walitengeneza mitepe, vyombo vya bahari vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na kukazwa kwa vijiti vya mti, bila misumari ya chuma.

Katika Biblia pia jambo hili limefichika kidogo. Katika Isaya 22, Eliakimu anafananishwa na kitu kilichokazwa mahali imara, na vyombo vyote vya nyumba vinatundikwa juu yake. Union Version inakiita msumari. Lakini neno la Kiebrania ni lile lile la Waamuzi 4, ambapo Yaeli anashika kigingi cha hema. Tusifikirie msumari mwembamba wa dukani. Na mwisho wa sura hiyo ni onyo: kigingi kikiachia, kila kilichotundikwa kinaanguka.

Nilimuuliza mzee ni kijana gani amejifunza kazi hii kwake. Alicheka kidogo, akasema hakuna aliyeomba. Jibu hilo liliniumiza kuliko ngoma kuchanika. Katika misheni nyingi, zamani, sisi wenyewe tuliwakataza watu ngoma. Leo tunazipiga kila Jumapili, lakini wanaojua kuziwamba wanaondoka mmoja mmoja. Na miti migumu iliyo karibu na mji inaishia kwenye makala.

Sasa vijana wanne wa kwaya wanaenda kwake kila Jumamosi. Vijiti vyao vya kwanza vilivunjika vyote. Juzi walimaliza kuwamba ngoma ya kanisa. Mpendwa msomaji, kama katika parokia yako yuko mzee anayejua kazi hii, usingoje. Mpelekee vijana sasa.